Jiwe la Kumalizia Linapokataa Kutia Makali: Dalili, Sababu na Marekebisho

Mwongozo huu umeandikwa kwa seremala, wachonga nakshi na waunda vyombo vya baharini wa Lamu, Shela, Matondoni na visiwa jirani, ambao wamenunua jiwe la kunolea lenye chembe ndogo, wakalitumia kwa uangalifu, na bado patasi zao zinakwama kwenye mvule. Umepangwa kwa dalili, kwa kuwa fundi huanza na kile anachokiona na kukihisi mkononi, na sababu huitafuta baadaye. Chini ya kila dalili imetangulia sababu inayotokea mara nyingi zaidi, na uchunguzi usiogharimu kitu umewekwa mbele ya marekebisho yanayohitaji muda au fedha.

Jambo moja litarudiwa, kwa sababu limejificha chini ya karibu kila lalamiko: jiwe la kumalizia halianzishi makali. Hulainisha makali ambayo jiwe la chembe kubwa tayari limeyafikisha nchani. Anayelilaumu jiwe lake la namba 6000 mara nyingi anapaswa kurudi kwenye lile la namba 1000.

Kwanza, namba na maneno ya dukani

Neno "laini" huwachanganya wanunuzi wengi. Tunaposema jiwe laini tunaweza kumaanisha jiwe lenye chembe ndogo, na pia tunaweza kumaanisha jiwe linalolika upesi. Hizo ni sifa mbili tofauti. Jiwe la chembe ndogo laweza kuwa gumu kama kigae, na jiwe la chembe kubwa laweza kulika kama chaki. Ukiwa dukani, uliza ukubwa wa chembe kwa namba yake, kisha uliza kando iwapo jiwe hulika haraka.

Namba nazo hazilingani kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Kwenye mawe ya Japani, namba 1000 ina chembe za takriban maikroni 12 hadi 15, yaani sehemu 12 hadi 15 za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Namba 4000 ina chembe za takriban maikroni 3, na namba 8000 zinakaribia maikroni 1. Kwenye msasa ulioandikwa herufi P mbele ya namba, P1000 ni takriban maikroni 18 na P2000 ni takriban 10. Kwa hiyo fundi anayemalizia kwa msasa wa P2000 akidhani amelipita jiwe la namba 1000 bado yuko karibu nalo sana. Kosa hili peke yake limewafanya mafundi wengi waamini kwamba chuma chao ni kibovu.

Kwa karakana ya kawaida ya hapa ningeshauri mawe mawili, moja la namba 1000 na jingine kati ya 4000 na 6000, pamoja na kipande cha ngozi kilichogundishwa kwenye ubao. Jiwe la namba 8000 lina faida kwenye randa ya kumalizia na kwenye patasi ndogo za nakshi, lakini si la lazima. Tezo haihitaji kupita namba 1000, kwa kuwa hupiga mti kwa nguvu na ule mng'aro wa mwisho hupotea katika mapigo machache ya kwanza.

Dalili ya kwanza: patasi inang'aa kama kioo lakini haikati

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na linastahili subira.

Sababu inayoongoza ni kwamba jiwe la chembe kubwa halikufika kwenye ncha yenyewe. Mshazari wa patasi, yaani ule uso ulioinama unaoelekea nchani, umesuguliwa katikati na nyuma, ukang'aa, lakini ukingo wa mbele kabisa, penye upana wa unywele, haujaguswa. Uchunguzi wake ni rahisi: paka wino wa kalamu nzito kwenye mshazari wote, piga jiwe mara tano, kisha utazame kwenye mwanga wa dirisha. Wino ukibaki mbele, makali hayajafikiwa. Rudi kwenye namba 1000 na usiliache mpaka uhisi, kwa upande wa pili, uzi mwembamba wa chuma uliojikunja kwenye upana wote wa ncha. Uhisi kwa kuburuta kidole kutoka katikati ya chombo kuelekea nje. Kamwe usikipitishe kidole sambamba na makali.

Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza nakshi katika karakana tunayofanyia kazi alilirudisha jiwe jipya akisema, "Fundi, hili wametuuzia bovu, siku mbili nanoa." Mzee wa karakana aliitazama patasi akamwambia, "Mwanangu, jiwe halina kosa, hujalipatia kitu cha kumalizia." Walirudi kwenye jiwe la namba 1000 kwa muda wa kama robo saa, uzi ukatokea, na jiwe lililodaiwa kuwa bovu likafanya kazi yake kwa dakika mbili.

Sababu ya pili ni uzi huohuo kutoondolewa. Chombo chenye uzi hukata vizuri kwa mara moja au mbili, kisha uzi hulala au hukatika na kuacha ncha butu. Uondoe kwa kulaza mgongo wa patasi, yaani upande usio na mshazari, bapa kabisa juu ya jiwe la kumalizia na kuuburuta mara chache, kisha ugeuze kwenye mshazari kwa mkono mwepesi, ukibadilishana pande huku ukipunguza nguvu.

Sababu ya tatu ni mgongo usionyooka. Makali ni mahali ambapo nyuso mbili hukutana, na wengi hunoa uso mmoja tu. Patasi mpya, hata ya bei kubwa, huweza kuwa na mgongo wenye alama za mashine au uliopinda kidogo. Si lazima kunyoosha mgongo wote. Sentimita 2 au 3 za mbele zinatosha, na kazi hiyo hufanywa mara moja katika maisha ya chombo.

Sababu ya nne ni kuruka hatua. Anayetoka kwenye jiwe la namba 220 au 400 moja kwa moja hadi 8000 hung'arisha vilele vya mikwaruzo na kuacha mabonde yake, na kila bonde linalofika nchani huwa pengo dogo. Sababu ya tano ni mkono kuyumba, au ngozi kutumiwa kwa nguvu mno, hata makali yakawa ya duara. Ikiwa patasi hukata tu pale unapoinua mpini juu kuliko kawaida, huenda tatizo ni hilo, na dawa yake ni namba 1000 tena.

Jaribio la haki ni kukata kichwa cha mbao nyepesi, kwa mfano saiprasi, mahali nyuzi za mti zinapoishia. Chombo kilichonolewa vizuri huacha uso laini wenye mng'aro. Chombo butu huzisaga nyuzi na kuacha uso mweupe uliochanika. Mvule mgumu si kipimo kizuri, kwa sababu husimama imara mbele ya makali na kuficha ubutu mdogo.

Dalili ya pili: jiwe linateleza, halishiki chuma

Kwanza angalia rangi ya uso. Ukiwa mweusi na unang'aa, vinyweleo vimezibwa na unga wa chuma. Jiwe la maji lisuguliwe kwa kijiwe kidogo cha kusafishia, au kwa msasa wa P220 ulioloweshwa na kulazwa juu ya kioo, mpaka rangi yake ya asili irudi. Jiwe la mafuta lisuguliwe kwa brashi ngumu na mafuta ya taa kidogo, nje penye hewa, mbali na jiko na sigara.

Ikiwa uso unanata, sababu ni mafuta yasiyofaa. Mafuta ya simsim, alizeti na mahindi huanza vizuri, lakini yakikaa hewani huwa mazito kama gundi. Mafuta ya sifa, yanayopakwa kwenye mbao za majahazi, yana nafasi yake jahazini na hayana nafasi kwenye kinoo. Tumia mafuta ya cherehani au mafuta mengine mepesi ya mashine. Jiwe lililokwisha kunata lilowekwe katika mafuta ya taa kwa siku nzima, lisuguliwe, na ikibidi hatua hiyo irudiwe. Jiwe lililowahi kunywa mafuta lisitarajiwe tena kufanya kazi kwa maji.

Sababu isiyo ya kawaida sana, lakini inayozidi kuonekana, ni ugumu wa chuma chenyewe. Mafundi wengine hutengeneza patasi kutokana na visu vya mashine ya randa au vipande vya msumeno wa chuma, na chuma cha aina hiyo huyashinda mawe ya asili. Hapo hitaji ni jiwe la kigae au bamba la almasi. Ikiwa chombo kina meno yaliyochomelewa ya kabidi ya tangsteni, iliyo ngumu mno, kama sahani ya msumeno wa umeme, simama hapo. Mawe ya kawaida hayataigusa, na pembe za meno hayo hupimwa kwa mashine. Mpelekee mtu mwenye mashine ya kazi hiyo.

Dalili ya tatu: kutu hutokea saa chache baada ya kunoa

Ugonjwa huu ni wetu sisi wa pwani, na maelekezo yaliyoandikwa kwa nchi kavu hayaugusi vya kutosha. Chuma kilichotoka kunolewa hakina kinga yoyote, na hewa ya Lamu hubeba chumvi mchana na usiku.

Chanzo kikubwa ni maji yenyewe. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvichumvi, na fundi hulowesha jiwe kwa maji hayo bila kufikiri, kwa kuwa ndiyo aliyozoea kuogea. Weka tone la maji yako juu ya kioo safi ulichokiacha kivulini. Likikauka na kuacha duara jeupe zito, maji hayo hayafai. Tumia maji ya mvua, yaliyotekwa kwenye paa au kuhifadhiwa kwenye jabia, na uyatunze kwenye chupa maalumu ya kunolea. Hayahitajiki mengi, kwani chupa ya lita moja yaweza kutosha siku nyingi. Jiwe lililokwisha kunywa maji ya chumvi lilowekwe kwenye maji matamu, yamwagwe, yabadilishwe mara kadhaa.

Chanzo cha pili ni jasho. Mgongo wa patasi hushikwa kwa vidole wakati wote wa kunoa, na alama za vidole hugeuka kuwa kutu zikiwa na umbo lake lilelile. Chanzo cha tatu ni kukifunga chombo kikiwa na unyevu kwenye kitambaa au ngozi na kukiweka sandukuni, jambo linalodhuru zaidi wakati wa mvua za masika na upepo wa kusi. Kila baada ya kunoa, kausha chombo kabisa, kipake mafuta membamba, kisha ukiache kipate hewa kabla ya kukihifadhi.

Kwa sababu hii, mimi hupendelea jiwe la mafuta au bamba la almasi kwa vyombo vinavyofanya kazi ufukweni, na jiwe la maji kwa karakana iliyo ndani ya mji. Hata hivyo mafuta yana gharama yake: yakibaki kwenye patasi huacha doa kwenye mkangazi, na doa hilo huzuia vanishi kushika. Futa kwa kitambaa kikavu kabla ya kugusa kazi iliyo tayari kupakwa rangi.

Doa la buluu-nyeusi linalotokea baada ya kukata mkoko mbichi lisidhaniwe kuwa kutu ya kawaida. Ni dawa ya mti, ileile inayotumiwa kutengenezea ngozi za wanyama, iliyokutana na chuma. Likifutwa mapema halina madhara.

Kutu iliyokwisha kuchimba visima vidogo kwenye mgongo karibu na ncha haiondolewi kwa jiwe la kumalizia. Rudi kwenye jiwe la chembe kubwa mpaka visima viishe, na vikiwa virefu, kata ncha nyuma hadi kwenye chuma kizima.

Dalili ya nne: makali ni mazuri, kisha yanameguka

Anza kwa kupima pembe. Patasi iliyonolewa kwa digrii 20 hukata saiprasi kwa raha, lakini kwenye mvule au bambakofi huvunjika. Kwa miti hiyo, mshazari mkuu uwe digrii 25 na ncha yenyewe imaliziwe kwa digrii 30. Patasi ya kutobolea matundu ya viungo, inayopigwa kwa nyundo, yaweza kufika 35. Mara nyingi tatizo huisha hapo.

Pili, tazama mti. Mvule hujulikana kwa kuficha ndani yake vijiwe vya chokaa, vigumu kiasi cha kuharibu meno ya msumeno, na hakuna dalili ya nje inayoonyesha vilipo. Msaji nao una chembe za silika zinazokula makali polepole. Mbao zilizotolewa kwenye majahazi makuukuu hubeba mchanga na misumari iliyokatikia ndani. Kabla ya kulilaumu jiwe, chunguza mahali patasi ilipomegukia. Ukiona doa jeupe gumu au weusi wa chuma, umekwisha kupata jibu.

Tatu, huenda chuma kimeungua. Gurudumu la mashine ya kunolea, ambayo wengi huiita grainda, hupandisha joto la ncha nyembamba kwa sekunde chache. Chuma cha kaboni kikigeuka rangi ya majani makavu kimefika karibu digrii 230 za selsiasi, na kikigeuka buluu kimefika karibu 300. Hapo kimelainika, na hakuna kinoo kitakachokirudishia ugumu. Makali ya chuma hicho hujikunja zaidi kuliko kumeguka, lakini fundi huyaona yote mawili kama kuharibika upesi. Ikiwa buluu iko milimita moja au mbili tu, isage polepole kwenye jiwe mpaka iishe. Ikiwa imepanda zaidi, au chombo ni cha thamani, usijaribu kukichoma na kukizamisha majini mwenyewe. Mpelekee mhunzi anayejua kukaza chuma (kukifanya kigumu) na kukituliza (kukipunguzia wepesi wa kuvunjika), kwa kuwa chuma kilichokazwa bila kutulizwa huweza kupasuka na kurusha vipande kinapopigwa nyundo.

Patasi mpya inayomeguka kwenye ncha tu haina budi kupewa nafasi. Mara nyingine milimita za kwanza zimeharibiwa na moto wa kiwandani, na baada ya kunolewa mara tatu au nne hufikiwa chuma kizuri. Ikiendelea baada ya hapo, irudishwe dukani.

Ufa wowote shingoni mwa patasi, hata mwembamba kama unywele, ni mwisho wa chombo hicho. Usikinoe wala usikipige.

Dalili ya tano: mikwaruzo isiyoisha kwenye uso uliomaliziwa

Karibu kila mara ni chembe ngeni. Mchanga wa matuta ya Shela husafiri na upepo, na unga wa jiwe la namba 1000 hubaki kwenye vidole. Mchanga wetu mwingi ni kwarzi, mgumu wa kutosha kuchora chuma kilichokazwa. Nawa mikono na chombo kila unapobadilisha jiwe, weka kitambaa tofauti kwa kila jiwe, na ulifunike jiwe la kumalizia ndani ya kasha lenye mfuniko. Ikiwa mkwaruzo unajirudia mahali palepale, chembe imezama kwenye jiwe. Sugua sehemu hiyo mpaka itoke.

Dalili ya sita: jiwe limefanya bonde katikati

Hakuna jiwe lisilofanya hivi isipokuwa bamba la almasi, na bonde ndilo linaloharibu mgongo wa patasi na kuifanya randa iwe na makali yaliyopinda. Chora mistari ya penseli iliyokatana kwenye uso wote, kisha usugue jiwe juu ya msasa wa P220 uliolazwa kwenye kioo kinene. Mistari itakayobaki inaonyesha palipo chini. Endelea mpaka yote itoweke, halafu ukate pembe za kingo kidogo ili zisimeguke. Ukifanya hivyo kila wiki ni kazi ya dakika tatu. Ukingoja mwaka ni kazi ya mchana mzima.

Sakafu ya saruji haifai kwa kazi hii, ingawa wazee wengi waliitumia. Haijanyooka kama inavyoonekana, na mchanga wake huingia kwenye jiwe. Jiwe la matumbawe la ukutani halifai kabisa: ni chokaa, laini kuliko chuma unachotaka kukinoa.

Kwa patasi za mviringo, bonde dogo ubavuni mwa jiwe la zamani lina manufaa. Tenga jiwe kuukuu kwa ajili hiyo, lisirudi tena kwenye patasi bapa.

Dalili ya saba: jiwe limepasuka au linabomoka

Mara nyingi limeanikwa juani likiwa limeshiba maji, au limeachwa majini siku nyingi. Baadhi ya mawe ya kumalizia yameunganishwa kwa madini ambayo huyeyuka taratibu yakilowekwa; hayo hunyunyiziwa maji tu, na maelezo ya kwenye kasha husema hivyo. Likaushe jiwe kivulini, likiwa limesimama kwa ubavu.

Jiwe la mkononi lenye ufa linaweza kugundishwa kwenye ubao kwa gundi isiyoingiwa na maji, likaendelea kutumika. Gurudumu la grainda lenye ufa halitengenezwi kamwe. Kabla ya kulifunga, lining'inize na uligonge taratibu kwa mpini wa mti: zima hulia, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Lililokufa livunjwe siku hiyohiyo, asije mwingine akaliokota na kulitumia. Vaa miwani ya kinga, usisage kwa ubavu wa gurudumu, na chembe ya chuma ikiingia jichoni usiitoe kwa kona ya kitambaa wala usilisugue jicho. Lifunike bila kulikandamiza na uende hospitali.